Kuanzisha ubia wa kujenga nyumba za watu wa kawaida mjini Tabora

Mwongozo huu ni wa watu watatu, wanne au watano wanaotaka kuchanga, wanunue nyumba kuukuu au kiwanja ndani ya Manispaa, wajenge za kupangisha, na waliokuwa wakiishi pale wasing'olewe na kodi mpya. Kujisajili mtandaoni ni kazi nyepesi. Kinachokula miezi ni ardhi, na kinachovunja ubia ni mkataba ulioandikwa kwa haraka. Kwa hiyo msianze na BRELA, wakala wa usajili wa biashara, anzeni na wakili.

Katika mkataba wa ubia, mwangalieni kwanza mshirika anayeleta kiwanja badala ya fedha. Tuseme kiwanja chake cha Cheyo kina thamani ya shilingi milioni 40, na wenzake wawili wameleta milioni 30 kila mmoja. Je, kiwanja kimekuwa mali ya ubia, au bado ni chake na ubia unakitumia tu? Mkataba usipolijibu hilo, siku ya kuachana kila mtu atakuja na jibu lake. Thamani nayo itolewe na mthamini aliyesajiliwa, msikisie.

Andikeni pia habari ya kifo. Kwa sheria, mshirika akifa ubia huvunjika isipokuwa mmekubaliana vinginevyo, na jengo linaweza kusimama kwenye lenta kwa sababu hiyo tu. Semeni kwamba ubia utaendelea, na warithi watalipwa fungu lao ndani ya miezi mliyoitaja. Kumbukeni vilevile kwamba ubia si mtu kisheria: deni lake huwafuata washirika hadi kwenye mali zao binafsi. Asiyekubali hilo aseme mapema, mfungue kampuni yenye ukomo wa dhima, ambayo deni lake haligusi mali zenu binafsi, ingawa ina makaratasi mengi zaidi kila mwaka.

Dhamira ya kijamii iandikwe kwa hesabu. “Tutawajali wakazi” haimbani mtu. Andikeni hivi: kati ya nyumba 12, nyumba 4 ni za wapangaji wa zamani, kodi yao haipandi kwa miaka 5, inalipwa mwezi kwa mwezi, si miezi sita mbele, kifungu hiki hakibadilishwi bila saini za washirika wote. Hata hivyo mkataba huo unawabana ninyi tu. Mkikopa kwa rehani mkashindwa kulipa, benki itauza na ahadi itakufa. Dawa yake ni kuwapa wapangaji hao mikataba ya muda mrefu na kuisajili kabla ya rehani. Benki italalamika, shikilieni hapo hapo.

BRELA sasa. Kila mshirika awe na namba ya NIDA na TIN, yaani namba ya mlipakodi, kisha msajili jina la biashara kama ubia, mchukue TIN ya ubia TRA na kufungua akaunti yenye watia saini wasiopungua wawili. Kinachokwamisha ni majina: NIDA inasema Hamisi, barua ya toleo (ya kugawiwa kiwanja) inasema Hamis, mkataba umeandika Khamis. Yalinganisheni kwa hati ya kiapo mapema, maana kosa hilo litawarudia kwenye ardhi.

Nyumba za vyumba vingi za Ng'ambo na Gongoni mara nyingi ni za urithi. Anayewatembeza si lazima awe na mamlaka ya kuuza. Mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi mwenye hati ya mahakama, na hata yeye ombeni muhtasari wa kikao cha familia wenye saini za warithi, pamoja na ridhaa ya mwenza wa muuzaji pale inapohusika. Muhuri wa serikali ya mtaa unashuhudia mauziano, haumpi mtu umiliki. Msitoe hata malipo ya awali kabla ya upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi ya mkoa: utaonyesha rehani, zuio na jina halisi la mmiliki. Angalieni pia kodi ya pango la ardhi, kwa sababu malimbikizo yake huzuia uhamisho.

Uhamisho unataka fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, taarifa ya uthamini na uthibitisho wa kodi kutoka TRA. Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida ya mauzo, ni ya muuzaji, lakini wauzaji wengi hutaja bei ya “mkononi”, wakimaanisha kodi zote ni zenu. Ulizeni siku ya kwanza, mwandike kwenye mkataba. Malipo yote ya serikali yapitie namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo. Anayetaka taslimu msimpe.

Jina la biashara haliwezi kumiliki ardhi. Hati itoke kwa majina ya washirika kwa umiliki wa mafungu, kila fungu likitajwa, ili la marehemu liende kwa warithi wake. Msikubali “tuandike jina la mmoja kwanza, tutarekebisha baadaye.” Huyo mmoja anaweza kuuza, kuweka rehani au kufariki, na ninyi mtabaki na risiti za saruji.

Hati ikisema makazi tu nanyi mnataka fremu za maduka mbele, ombeni mabadiliko ya matumizi kabla ya kumlipa mchoraji. Ombi hupita kamati ya mipango miji, na likikataliwa ramani hiyo haina kazi. Kibali cha ujenzi huombwa kupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, kwa michoro ya msanifu na mhandisi waliosajiliwa. Msichimbe msingi kabla hakijatoka, kwa sababu Manispaa ikipiga alama ya X, mtaanza kulipa faini kwa fedha iliyotengwa kwa mabati.

Wapangaji wanapohama kupisha ujenzi, wapeni barua yenye namba ya nyumba watakayorudia, kodi yake na tarehe, ikiwa na saini za washirika wote. Nakala moja ibaki kwa wakili.