Jinsi ya kuomba kibali cha kazi ya kitalu nyumba nchini Kanada

Maombi ya kazi ya kitalu nyumba Kanada hayaanzi na wewe, yanaanza na mwajiri. Mwenye shamba huomba kwanza ruhusa ya serikali ya kuajiri mgeni, ruhusa inayojulikana kwa herufi LMIA. Ikishatoka, ndipo nawe unaomba kibali cha kazi. Shika vizuri mpangilio huo, kwa sababu matapeli wengi wa kazi hizi hujificha hapo hapo: wanakuuzia LMIA. Haiuzwi. Kwa kazi za shambani hata mwajiri mwenyewe hatozwi ada ya kuiomba, na amekatazwa kukudai wewe gharama alizotumia kukutafuta.

Hakikisha mpango wenyewe unakuhusu

Wakala akikutajia SAWP, mpango wa vibarua wa msimu ulioanza mwaka 1966, achana naye. Huo ni wa raia wa Meksiko na nchi za Karibi zilizokubaliana na Kanada, na mfanyakazi hukaa miezi 8 tu kwa mwaka. Watu wa nchi nyingine hupitia mkondo wa kilimo, ambao mkataba wake unaweza kufika miezi 24. Mboga na maua ya vitalu nyumba vimo.

Katika mkondo huu mwajiri analipa nauli yako ya kwenda na kurudi, anakupa makazi, na anakukatia bima ya afya mpaka bima ya mkoa ianze kukuhudumia. Kwa makazi anaruhusiwa kukukata kwenye mshahara dola 30 za Kanada kwa wiki, asizidishe. Mkataba usiotaja nauli, makazi na bima usiutie saini.

Mchunguze mwajiri kabla ya kumtumia pasipoti

Serikali ya Kanada huchapisha kila robo mwaka orodha ya waajiri waliopata LMIA kwenye tovuti yake ya takwimu huria. Tafuta humo jina la shamba na namba ya kazi 85103, ambayo ndiyo ya vibarua wa vitalu nyumba na vitalu vya miche. Mashamba mengi ya aina hiyo yako Leamington na Kingsville, kusini mwa mkoa wa Ontario. Kisha fungua orodha nyingine, ya waajiri waliovunja masharti, inayotolewa na idara ya uhamiaji, IRCC. Hapo utaona kosa la kila mmoja, faini yake, na kama amefungiwa kuajiri wageni.

Ukimaliza, tafuta mwenyewe namba ya simu ya shamba, si ile iliyo kwenye barua uliyotumiwa, upige uulize kama wanakujua. Simu hiyo moja hufichua barua nyingi za kughushi. Kama kuna mtu anayelipwa ili akushughulikie maombi, lazima awe mwanasheria wa Kanada au mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa na chombo chao, CICC, na jina lake lionekane kwenye daftari lao la umma. Asiye mmoja wa hao haruhusiwi kukutoza hata senti, na jina lake lisipoandikwa kwenye fomu IMM 5476 basi anafanya kazi gizani kwa jina lako.

Kusanya nyaraka

Kwa mwajiri unahitaji barua ya LMIA yenye namba yake, barua ya ajira, na mkataba uliotiwa saini na pande zote mbili. Soma hizo tatu kwa pamoja. Jina la kampuni, mahali pa kazi, mshahara kwa saa na muda wa mkataba vifanane kila mahali. Mshahara ukiwa mmoja kwenye LMIA na mwingine kwenye mkataba, ofisa atasimama hapo. Angalia pia tarehe ya mwisho ya LMIA, maana maombi yako lazima yaingie kabla haijapita.

Kwa upande wako, anza na pasipoti. Kibali hakitolewi kwa muda unaozidi uhai wa pasipoti, kwa hiyo mwenye mkataba wa miezi 24 na pasipoti iliyobakiza mwaka mmoja atapewa mwaka mmoja. Ihuishe kwanza.

Barua za uzoefu ndizo zinazodharauliwa kuliko zote, na ndizo zinazoangusha wengi. Barua inayosema “alifanya kazi nasi kwa bidii na uaminifu” haimwambii ofisa chochote. Inayofaa inataja tarehe ya kuanza na kuacha, saa za kazi kwa wiki, malipo, na kazi zenyewe kwa majina yake: kufunga nyanya kwenye kamba, kung'oa machipukizi ya pembeni, kupunguza majani ya chini, kushusha mashina yakishafika juu ya waya, kuchuma na kupanga kwa daraja, kusafisha na kuua vimelea kwenye visu na kreti. Iwe na jina, cheo na simu ya aliyetia saini. Kama umelima shamba lako mwenyewe, ambatisha risiti za pembejeo na za mauzo pamoja na barua ya chama cha ushirika au ya serikali ya eneo lako.

Jaza fomu

Fungua akaunti kwenye tovuti ya IRCC, ujibu maswali, nayo itakupa orodha ya nyaraka zako. Fomu kuu kwa aliye nje ya Kanada ni IMM 1295. Ukipewa kama faili ya PDF, usiifungue ndani ya kivinjari; ipakue kwenye kompyuta uifungue kwa Adobe Reader. Ukimaliza, bonyeza kitufe cha kuthibitisha kilicho juu. Fomu iliyokamilika hutoa ukurasa wa msimbopau. Usipouona, kuna kisanduku umekiacha wazi.

Fomu inadai historia yako ya kazi kwa miaka 10. Usiache pengo. Miezi uliyokaa bila ajira iandike hivyo, na tarehe zifanane na zilizo kwenye barua za uzoefu.

Kuna swali linalouliza kama umewahi kunyimwa viza au kibali na nchi yoyote ile. Jibu ukweli, hata kama ulinyimwa viza ya matembezi ya nchi nyingine miaka mingi iliyopita. Kunyimwa hakuharibu maombi yako kama kuficha kunavyoyaharibu: taarifa za uongo hufunga mlango wa Kanada kwa miaka 5, hata kama aliyeziandika ni wakala na wewe hukuzisoma. Ndiyo maana tunasisitiza uisome fomu yako mstari kwa mstari kabla haijatumwa.

Kila faili unayopakia isizidi megabaiti 4. Skani kwa rangi, kurasa za waraka mmoja ziwe kwenye faili moja, na zilizo katika lugha nyingine ziambatane na tafsiri ya Kiingereza au Kifaransa.

Lipa, toa alama za vidole, pima afya

Ada ya kibali ni dola 155 za Kanada, na ya alama za vidole na picha ni dola 85. Jumla ni dola 240, zinazolipwa kwa kadi ndani ya akaunti yako. Daktari, pasipoti na tafsiri ni gharama za pembeni. Anayekutajia maelfu ya dola “za ubalozini” anazitaka yeye.

Ukishalipa utapata barua ya kwenda kituo cha maombi ya viza kutoa alama za vidole. Una siku 30. Weka miadi mapema, uende na barua hiyo na pasipoti. Alama hizo hudumu miaka 10.

Kipimo cha afya hufanywa na madaktari walioteuliwa na IRCC peke yao. Cheti cha hospitali nyingine hakipokelewi. Utapigwa eksirei ya kifua kutafuta kifua kikuu, na matokeo hutumwa moja kwa moja. Ukiwa ulishawahi kutibiwa kifua kikuu, nenda na kumbukumbu za matibabu, kwani kovu la zamani kwenye mapafu bila maelezo huchelewesha maombi.

Kwa nini wengi hukataliwa

Sababu mbili hujirudia: ofisa hakuridhika kwamba unaiweza kazi, au kwamba utaondoka kibali kikiisha. Ya kwanza hujibiwa na barua za uzoefu. Ya pili inahitaji barua fupi ya maelezo, ukurasa mmoja, yenye vielelezo vya yanayokurudisha nyumbani: familia, hati ya shamba au nyumba, biashara iliyosajiliwa. Usitegemee mwenzi wako wa ndoa apate kupitia wewe kibali huria, yaani kisichomfunga mtu kwa mwajiri mmoja. Tangu Januari 2025 kazi za daraja hili hazimo.

Ukikubaliwa

Barua utakayopewa si kibali. Kibali huchapishwa uwanja wa ndege unapoingia Kanada, baada ya kuonyesha barua hiyo, pasipoti na mkataba. Kabla hujaondoka dirishani, kagua jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la mwajiri na tarehe ya mwisho. Kosa linalorekebishwa pale kwa dakika chache, ukishatoka huchukua wiki nyingi.

Wiki ya kwanza omba SIN, yaani namba ya bima ya jamii, katika ofisi ya huduma za serikali iitwayo Service Canada. Ni bure, na bila hiyo hulipwi mshahara kihalali. Pasipoti na kibali vikae kwako, mwajiri hana haki ya kuvishikilia. Kibali kinakufunga kwa mwajiri mmoja, lakini anayenyanyaswa, awe amepigwa, ametishiwa au amedhulumiwa mshahara, anaweza tangu mwaka 2019 kuomba akiwa humo humo Kanada kibali huria cha wafanyakazi walio hatarini, bila ada. Tunza ujumbe wa simu, picha za makazi na hati za mshahara, kwani ndizo utakazoambatisha. Taarifa za siri hupokelewa kwa simu 1-866-602-9448.