Kitulo kwa miguu: kutoka Mbeya mpaka kwenye maua, hatua kwa hatua

Kila ikikaribia Desemba naanza kupokea meseji zilezile, "Kitulo naendaje?", na juzi kati nimewapangia safari vijana wa chuo pamoja na dada yangu wa Dar ambaye alishuka kwenye basi na raba nyeupe, kwa hiyo acha niandike mara moja nitumiage linki tu. Hii ni kwa mtu anayetaka kutembea kwa miguu, siku mbili hivi, bila kampuni ya utalii. Kama unatafuta simba na tembo nenda Ruaha, huku utapoteza hela. Kitulo ni uwanda wa nyasi kwenye mita 2,600 kwenda juu, umekaa katikati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone, umekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, na watu wanaupandia kwa ajili ya maua. Mimea zaidi ya aina 350, ndani yake okidi za ardhini aina 45. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu na ukipaona mwezi wa pili hutobishana nao.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Maua ni Novemba mpaka Aprili, na yanakolea zaidi kati ya Desemba na Machi. Tatizo ni kwamba hiyo ndo mvua yenyewe, huku Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja tu mrefu wa mvua, hakuna cha vuli na masika. Ukitaka kukavu njoo Juni mpaka Agosti, utatembea vizuri, ila nyasi zimekauka, okidi karibu hakuna, na usiku baridi inagandisha umande. Mimi nasema njoo na mvua. Kwenda Kitulo kiangazi ni kama kwenda harusini siku ya kuosha masufuria.

Hatua ya 2: Nguo na viatu

Nenda Mwanjelwa sokoni, hapa Mbeya mjini, mitumba. Jakiti la mvua la mtumba lenye zipu nzima na kofia, sweta mbili, soksi za sufu kama utazipata. Usinunue jinzi, ikilowa haikauki mpaka unarudi nyumbani.

Viatu sasa, hapa najua nitabishiwa. Watu wanakwambia nunua buti za kupandia milima. Mimi nasema gambuti. Zile nyeusi za shambani, za wakulima wa viazi, ukubwa unaopita soksi mbili. Uwanda wa Kitulo ukiuangalia kwa mbali unaona kama zulia limetandikwa, ukiingia unakuta nyasi zimeota kwa mafungu mafungu na katikati ya mafungu kuna maji, mara ya kifundo mara ya nusu muundi, na hujui mpaka umekanyaga. Buti la laki mbili likishajaa maji ni ndoo tu. Gambuti unaimwaga, unabadilisha soksi, unaendelea. Ila kwa wale wanaotaka kushuka milima ya Livingstone (nitaigusa mwishoni) hapo gambuti hapana, kule ni mawe na utelezi, beba buti za kweli.

Mafuta ya jua na kofia pia, hata kama kuna wingu. Juu kule hewa ni nyepesi, jua linachoma huku wewe unatetemeka, na masikio ndo yanaanza kuungua.

Hatua ya 3: Malipo

Cash hawapokei, yote ni kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali. Ipate na uilipe ukiwa sehemu yenye mtandao wa uhakika, usisubiri uwe juu kwenye ukungu unatafuta mnara. Beba kitambulisho cha taifa au pasi, kiingilio cha mwana Afrika Mashariki na cha mgeni kutoka nje ni vitu viwili tofauti kabisa na huwezi kumuonyesha askari wa hifadhi rangi ya ngozi kama ushahidi. Ukiomba hiyo namba, omba na mwongozaji hapohapo. Kiingilio kina muda wake wa kuisha, kwa hiyo usilipe jioni wakati unaenda kulala tu kijijini.

Hatua ya 4: Kufika juu

Hapa ndo watu wanapotezaga masaa, wengine siku nzima, kwa hiyo nivumilie.

Kuna njia tatu. Ukitokea Njombe unapita Makete. Ukitokea Mbeya na una gari lako la 4x4 unaweza kushika barabara ya Tukuyu kutoka Uyole, ukifika Isyonje unakata kushoto unapanda, njia nzuri ya kuangalia lakini mvua ikikolea ni matope. Ya tatu, ambayo ndo naitetea kwa mtu asiye na gari, ni ya Chimala. Unapanda kosta zinazoelekea Makambako, unashuka Chimala, kilomita sabini na ushee kutoka Mbeya mjini, lami tupu. Mpaka hapo hata mtoto anafika.

Kutoka Chimala kwenda Matamba, mji wa juu zilipo ofisi za hifadhi, ndo habari nyingine. Chimala iko chini kabisa bondeni, joto, mashamba ya mpunga, alafu ukuta wa mlima unasimama mbele yako na barabara inaupanda kwa kona 57. Watu wa huku wanazihesabu, muulize yeyote atakwambia 57. Sasa mambo ya kuzingatia, bila mpangilio maalum:

Fika Chimala asubuhi, saa mbili ikizidi sana saa tatu. Magari ya Matamba yanaondoka yakijaa, na yanajaa asubuhi. Ukifika saa nane utakaa kijiweni mpaka jioni na mvua ya mchana itakuwa imeshalowesha kona.

Angalia tairi kabla hujapanda, usione aibu. Kipara, shuka, subiri lingine. Msimu wa mvua dereva mzoefu anatembea na minyororo ya tairi, ukiiona imening'inia nyuma huyo ni mtu wako. Usikubali kukaa juu ya mzigo hata wakipunguza nauli, najua wenyeji wanakaa, wao wamekulia hapo.

Malori ya viazi yanashuka yamejaa. Kwenye kona dereva wako anatakiwa kupiga honi, kama hapigi mwambie, atakununia lakini atapiga. Kama huwezi kuangalia bonde usikae dirishani, maana kuna kona ukichungulia dirishani unaona paa la gari lililo kona mbili chini yako.

Na sasa lile ambalo ndo kiini cha matatizo yote: ukisema "nipeleke Kitulo" hujasema kitu. Kuna kijiji, kuna shamba la serikali la ng'ombe wa maziwa linaitwa Shamba la Kitulo, na kuna hifadhi. Vyote viko uwandani huko juu na vina umbali kati yake. Dereva akikuacha shambani yeye kamaliza kazi, amekufikisha Kitulo, na wewe utabaki unaangaliana na ng'ombe weusi na weupe kwenye upepo huku unatafuta nani wa kumlipa. Ofisi za hifadhi ziko Matamba, kwenye mji, kabla hujafika kwenye maua. Kwa hiyo sema hivi, neno kwa neno: "Nishushe Matamba, ofisi za hifadhi." Kwanza ofisini, alafu ndo uwandani.

Kutoka Matamba kupanda uwandani bado kuna safari ya gari, usije ukadhani unatembea kutoka gesti. Hapo inabidi ukodi, na hapo ndo pa kupatana vizuri. Uliza: bei ni ya kwenda na kurudi? Utanisubiri au utanifuata, saa ngapi? Mafuta ni juu ya nani? Kiingilio cha gari lako hifadhini nani analipa? Hilo la mwisho madereva wengi wanalinyamazia mpaka mko getini. Andika makubaliano kwenye meseji umtumie, hata kama mmekaa naye meza moja, maana jioni mkiwa mmelowa kila mtu anakumbuka ya kwake. Nusu ya hela mpe asubuhi, nusu mkirudi. Boda itakuzungusha Matamba vizuri tu ila usiipange kama usafiri wa hifadhini. Na mkiwa wanne au watano mnachanga inakuwa nafuu kabisa, ukiwa peke yako subiri ofisini asubuhi, mara nyingi wanatokea wengine wa kuungana nao.

Hatua ya 5: Kulala

Gesti za Matamba zipo, za kawaida. Omba blanketi la pili kabla hujalipa. Pombe acha usiku wa kwanza, mtu wa Pwani akilala urefu huu kichwa kinaweza kugonga bila kuongezea.

Hatua ya 6: Kutembea kwenyewe

Anzeni mapema, saa moja mko kwenye gari. Asubuhi kunakuwa na anga, mchana mawingu yanajikusanya, kuanzia saa saba saa nane mvua.

Tembea taratibu kuliko unavyodhani unahitaji. Wageni wanatafuta "kilele", wanakimbiza kilima hadi kilima, wanapita juu ya okidi hawajaiona hata moja. Kuna maua yanayojionyesha yenyewe, ile Kniphofia inayosimama wima na kichwa cha rangi ya chungwa unaiona toka barabarani. Okidi sio hivyo. Nyingi ziko usawa wa nyasi, inabidi uchuchumae. Mwambie mwongozaji akuonyeshe moja ya kwanza, Satyrium kwa mfano, ukishaiona jinsi kila ua dogo lilivyo na mikia miwili midogo kwa nyuma, jicho linafunguka na unaanza kuziona kila mahali, hata pale ulipopita dakika tano nyuma.

Usichimbe, usichume. Viazi vya okidi vinaitwa chikanda, na kwa miaka mingi vilichimbwa kwa magunia vikavushwa kwenda Zambia ambako ni kitoweo. Hiyo biashara ni sababu mojawapo uwanda huu ukawekwa chini ya hifadhi. Usishangae askari akiomba kuona ndani ya begi.

Angalia juu pia. Msimu wa mvua mbayuwayu wa buluu anakuja kuzaliana huku, ndege ambaye wapenzi wa ndege wanavuka bahari kumfuata. Kipunji, yule kima aliyetangazwa kwa ulimwengu 2005, anaishi upande wa msitu wa Livingstone, na ni mwoga, usimweke kwenye mpango wako wa siku.

Radi. Hili nalisema kwa ukali. Uwanda hauna miti, wewe ndo kitu kirefu kuliko vyote hapo. Ukisikia ngurumo ya kwanza, hata ya mbali, shukeni kutoka mgongoni mwa kilima, msikae kundi moja, msikimbilie mti uliosimama peke yake, fimbo na mwavuli chini. Mwongozaji akisema turudi, mnarudi, habari ya "picha moja tu" hakuna. Ukungu nao ukishuka simama, subiri, usimtangulie mwongozaji, kila upande unafanana.

Hatua ya 7: Kurudi

Kwa kurudi Chimala kanuni ni ileile, asubuhi. Dereva ashuke kwa gia nzito, ukisikia harufu ya breki kuungua mwambie apaki zipoe.

Kwa wenye magoti mazima kuna njia nyingine ya kutoka: kuvuka milima ya Livingstone kwa miguu mpaka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Ziwa liko kama mita 475 tu kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo unashuka zaidi ya mita 2,000, kutoka baridi ya sweta mbili mpaka joto la kuogelea. Mwongozaji ni lazima, panga naye siku moja kabla, mabegi makubwa yazungushe kwa gari, na kata kucha za miguu. Nawaambia kila mara wanacheka, alafu wakifika Matema wananitumia picha ya kidole gumba cheusi.