Kulizuia guta lisichemshe katika mchanga na miinuko ya Uwanda wa Makonde

Kila msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hadi mvua zinapokolea, njia za mchanga za Tandahimba na Newala, mkoani Mtwara kusini mwa Tanzania, hujaa maguta ya injini, yaani pikipiki za matairi matatu za kubebea mizigo, yanayotoa magunia mashambani na kuyapeleka kwenye maghala ya vyama vya msingi. Si ajabu kulikuta moja limeegeshwa kando ya njia, dereva ameinua kiti, mvuke unatoka, na mwenye korosho amekaa juu ya magunia yake akisubiri. Madereva husema guta limechemsha, na mara nyingi lawama zote hupewa jua. Jua lina sehemu yake, lakini baada ya miaka kadhaa ya kuliendesha na kulitengeneza langu mwenyewe nimeridhika kwamba guta linalochemsha mchangani huwa limekosa upepo kabla halijakosa maji, na dereva anayelielewa jambo hilo atajua la kufanya hata pale ambapo hakuna fundi wala duka la vipuri.

Injini inayopozwa kwa maji huondoa joto lake kwa hatua mbili. Pampu inayozungushwa na injini yenyewe husukuma maji yapite kandokando ya silinda, maji hayo huchukua joto na kulifikisha kwenye rejeta, kisha hewa inayopenya katikati ya mapezi membamba ya rejeta hulibeba joto hilo na kuondoka nalo. Katika lami ya kutoka Mtwara mjini kwenda Mnivata, guta likienda kilomita 40 kwa saa, hewa hiyo hujileta yenyewe. Ukiacha lami na kuingia njia ya shambani, unashuka gia ya pili, mara ya kwanza, injini inanguruma na kuchoma petroli kwa wingi, ilhali mwendo wako haumzidi mtu anayetembea kwa haraka. Joto linalozalishwa limeongezeka na upepo wa kulipunguza umetoweka. Hapo kazi yote inabakia kwa feni ndogo iliyofungwa nyuma ya rejeta, na ndiyo maana ukaguzi wowote wa maana unaanzia kwenye feni, si kwenye dumu la maji.

Ukaguzi wa feni hauhitaji kifaa chochote. Liwashe guta likiwa limesimama, liache liunguruma hadi injini ipate joto, kisha usikilize kama feni inaanza kuzunguka. Ikianza, chukua kipande cha karatasi au jani kavu la mkorosho ulisogeze mbele ya rejeta. Feni nzima hulivuta jani hadi likanate kwenye mapezi, kwa sababu kazi yake ni kuvuta hewa kutoka mbele kwenda nyuma, sambamba na mwendo wa guta. Jani likisukumwa na kudondoka, waya za feni zimefungwa kinyume, nayo inapigana na upepo wa njia badala ya kuusaidia. Hilo lilinitokea baada ya fundi mmoja kunibadilishia feni: aligeuza waya mbili, feni ikawa inazunguka vizuri kabisa machoni pangu, na kwa wiki mbili nilihangaika kubadilisha maji na kifuniko bila kupata nafuu, mpaka siku nilipoinama mbele ya rejeta nikahisi hewa ya moto ikinipiga usoni.

Kama feni haizunguki kabisa, itafute swichi ya joto iliyofungwa kwenye rejeta au kwenye bomba la maji, uchomoe waya zake na kuziunganisha pamoja. Ikiwa ni waya mmoja tu, uguse kwenye chuma cha bodi. Feni ikizunguka, swichi ndiyo iliyokufa. Isipozunguka, angalia fyuzi, kisha waya zinazopita karibu na eksozi, kwa kuwa hizo ndizo zinazoungua mapema. Madereva wengi wa huku wamefunga swichi ya mkono kwenye usukani ili waiwashe feni wenyewe kabla ya kuingia mchangani, nami ninaliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote, kwa sharti kwamba dereva akumbuke kuizima anapoegesha, la sivyo asubuhi atakuta betri imekwisha.

Baada ya feni, tazama rejeta yenyewe, na uitazame kwa nyuma. Upande wa mbele huonekana safi kwa sababu ndio unaofikiwa na maji ya kuoshea. Mwaka mmoja, nikiwa na magunia manane katika kipandio cha kutoka bonde la Ruvuma kwenda Newala, taa ya joto iliwaka mara tatu katika safari moja, na maji yalikuwa yamejaa, feni inazunguka. Nilipofungua kingio cha feni na kumulika kwa tochi ya simu, nilikuta kati ya feni na rejeta pameota kitu kama kipande cha blanketi: mbegu za nyasi zenye miiba, vumbi jekundu, manyoya ya kuku, na ukoko wa rangi ya njano uliokuwa umeshikana kwa oili. Ile njano ilikuwa salfa. Miezi ya Juni hadi Agosti nilikuwa nimebeba mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, na unga wake uliovuja ulikuwa umetulia humo muda wote huo ukisubiri vumbi la Oktoba. Niliubandua ule utando kwa vidole, ukatoka mzima kama mkeka.

Tangu hapo ninaisafisha rejeta kila Jumapili wakati wa msimu. Ninasubiri injini ipoe, ninatumia burashi laini ya kupakia rangi na maji ya sabuni, ninapiga burashi kwa kufuata mapezi na si kwa kuyakata, kisha ninamimina maji kutoka nyuma kwenda mbele ili uchafu urudi ulikoingilia. Mashine ya kuoshea magari yenye presha kubwa ikisogezwa karibu hulaza mapezi, na pezi lililolala huziba hewa sawasawa na matope. Mapezi yaliyolala huweza kuinuliwa moja moja kwa ncha ya kisu butu, kazi ya saa nzima inayohitaji subira, lakini inalipa.

Sasa maji. Uwanda wa Makonde ni mkavu juu na maji yake yako mabondeni, kwa hiyo dereva hujaza anachokipata, na ukanda wa pwani, kuanzia Mikindani hadi Lindi, una visima vingi vyenye maji ya chumvi. Maji hayo yasiingie kwenye rejeta. Chumvi hula alumini, na maji magumu huacha chokaa ndani ya mirija, ule ukoko mweupe unaouona kwenye sufuria ya kuchemshia maji ya kisima, ambao huzuia joto lisitoke hata kama feni na mapezi viko sawa. Maji bora yasiyogharimu kitu ni ya mvua, yaliyokingwa kutoka kwenye bati baada ya mvua ya kwanza kuliosha paa, na nyumba nyingi za Newala na Tandahimba huyahifadhi kwenye visima vya saruji. Mimi huweka lita tano za maji hayo chini ya kiti msimu mzima. Kulanti halisi, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi ni bora zaidi, kwa sababu huzuia kutu, hulinda sili ya pampu na huchelewa kuchemka, lakini jihadhari na chupa za bei ndogo ambazo ndani yake mna maji ya rangi tu.

Kifuniko cha rejeta hudharauliwa kuliko kinavyostahili. Usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzijoto 100. Juu Newala, kwa sababu ya mwinuko, huchemka kwenye 97 au 98 hivi. Kifuniko chenye springi nzima hubana mfumo na kuyaruhusu maji yapande hadi karibu nyuzijoto 120 kabla ya kuchemka, na hiyo nafasi ya nyuzi ishirini na kitu ndiyo akiba yako ya kumalizia kipandio. Mpira wake ukiwa umekakamaa au umepasuka, akiba hiyo haipo. Nunua chenye namba ileile iliyoandikwa juu ya kifuniko cha zamani, kwa mfano 1.1, na usikubali kuwekewa kipande cha nailoni chini ya kifuniko kilicholegea. Pia, kila unapobadilisha maji, egesha mahali ambapo tairi la mbele liko juu, uache kifuniko wazi, uwashe injini na kuminyaminya bomba la juu mpaka mapovu yaishe, kwani hewa iliyonaswa ndani huyazuia maji yasizunguke.

Kuhusu thamostati, yaani vali inayofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto, nasema kwa kifupi: kuing'oa si tiba. Ikiwa imekwama, badilisha.

Uendeshaji nao una sehemu kubwa. Gunia la korosho lina kilo 80, hivyo magunia kumi ni kilo 800 kabla ya kumhesabu dereva na mwenye mzigo. Soma uzito ulioandikwa kwenye kibao cha chasisi na uuheshimu mchangani, hata kama lamini ulizoea kuuzidi. Ingia mchangani ukiwa tayari kwenye gia ndogo, kwa kuwa ukibadilisha katikati guta husimama na utalazimika kuliondoa upya kwa kusugua klachi. Klachi ya pikipiki hizi huzama katika oili ileile ya injini, kwa hiyo kila unapoisugua unaipasha oili joto, na oili iliyoungua haipozi wala hailainishi chochote. Shika mwendo wa injini wa wastani, usiilazimishe kwa gia kubwa inayoifanya itetemeke, kwani pampu ya maji huzunguka kwa kasi ya injini na ikizubaa maji nayo huzubaa. Jaribu pia kugusa vikombe vya breki za nyuma mwisho wa safari. Kimoja kikiwa cha moto kuliko mwenzake, breki inakwaruza, na injini imekuwa ikivuta mzigo usiouona siku nzima.

Kama unaweza kuchagua saa, ondoka baada ya sala ya alfajiri na uwe umefika ghalani kabla ya saa nne. Mchanga wenye umande hushikana kidogo na tairi halizami sana, faida ambayo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko ile ya hewa baridi.

Taa ya joto ikiwaka, au geji ikipanda, usingoje kufika juu ya kilima. Simama mapema mahali penye uwazi, uligeuze guta liuelekee upepo kadiri njia inavyoruhusu, kwa kuwa rejeta inayoangalia upepo hupoa upesi kuliko iliyo kivulini pasipo na hewa. Ikiwa feni inazunguka na hakuna maji yanayomwagika, iache injini iunguruma taratibu bila mzigo kwa dakika tatu au nne, ili pampu iendelee kuyapitisha maji. Ikiwa feni imekufa au mvuke unatoka, zima papo hapo. Kifuniko kisiguswe kwa nusu saa, na hata baada ya hapo kifunguliwe kwa kitambaa kinene, robo mzunguko kwanza, uso ukiwa kando, maana maji yaliyobanwa hurukia juu na kumuunguza mtu vibaya sana. Usimwage maji baridi juu ya injini ya moto, wala usiyajaze ghafla ndani yake. Silinda hedi, yaani sehemu inayofunika silinda kwa juu, ni ya alumini, na alumini iliyopata moto ikimwagiwa baridi hupinda au kupasuka, na gharama ya hapo inaweza kula mapato ya msimu.

Wenye maguta yanayopozwa kwa hewa hawana rejeta ya kuangalia, lakini sheria ni ileile: kwangueni matope na oili katikati ya mapezi ya silinda, badilisheni oili mapema kuliko mlivyozoea, na mpumzishe injini mara nyingi zaidi mchangani.

Mwisho, liko joto ambalo halitokani na upepo wala maji. Fundi akibana mafuta kwenye kabureta ili guta lile petroli kidogo, injini huungua kwa joto kali zaidi, na plagi ukiitoa utaiona nyeupe kama chokaa badala ya rangi ya kahawia. Mrudishie alegeze. Na ikiwa guta lilikwisha kuchemsha vibaya siku za nyuma, fungua kifuniko asubuhi injini ikiwa baridi, uwashe, kisha utazame maji. Mapovu yasiyokoma, moshi mweupe kwenye eksozi, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa maana yake ni kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua. Guta hilo lisipakiwe hata gunia moja mpaka hedi ifunguliwe, isawazishwe na kufungwa gasketi mpya.