Kabla Hujampima Afya ya Akili Mtoto wa Kiaborijini

Manesi na maafisa ustawi wetu wanaopata kazi Australia, kwa Waaborijini ambao ni wenyeji wa asili wa huko, wana haraka ya kutoa dodoso la afya ya akili mkobani. Tulia kwanza.

Ruhusa ya mlezi ni lazima. Mlezi mara nyingi ni bibi au shangazi, basi uliza nani hasa anamlea mtoto. Pitia kliniki inayoendeshwa na jamii yenyewe (ya kwanza ilifunguliwa Redfern, Sydney, mwaka 1971) na ufuatane na mfanyakazi wao wa afya. Wapo wazee ambao serikali iliwanyakua kwa wazazi wao wakiwa wadogo. Ndiyo maana mgeni mwenye fomu anayedadisi mambo ya nyumbani hutiliwa shaka.

Dodoso lenyewe, angalia lilitungwa kwa ajili ya nani. Lile la maswali 25 la Goodman, Mwingereza, limeenea kila mahali. Kwa vijana wa Kiaborijini wa miaka 13 hadi 17 lipo la Tracy Westerman, mwanasaikolojia wa Kinyamal, moja ya jamii za Kiaborijini, kutoka Pilbara, Australia Magharibi, lakini usiliguse bila mafunzo yake.

Sasa masikio. Katika mji mmoja wa Northern Territory, kaskazini mwa Australia, nilimwona mvulana wa miaka 12 akisomewa maswali kwenye chumba chenye kiyoyozi kinachonguruma. Kila swali aliitikia kuwa ni kweli. Akakubali kuwa ni mtiifu, akakubali pia kuwa hupigana kila mara. Mwalimu naye alishaandika kwamba hatulii wala hasikii la mtu. Alama zikapanda, rufaa ikaandikwa, familia ikaitwa. Bibi yake akadhani wanakuja kumchukua, akaondoka naye usiku kwenda kwa ndugu walio mbali. Waliporudi, mfanyakazi wa afya wa kwao alimchungulia masikio tu: usaha pande zote mbili, ngoma ya sikio imetoboka. Maswali yenyewe hakuwa akiyasikia! Ugonjwa huo umejaa mno kwa watoto wa jamii za mbali huko, kwa hiyo masikio yapimwe kwanza. Na hata anayesikia vizuri, akiulizwa mfululizo na mtu mzima asiyemjua ataitikia ili aachwe. Majibu yakipingana, usijumlishe alama. Funga fomu, kaeni nje, aongee anavyotaka.

Asipokutazama usoni, huenda ni heshima. Akinyamaza, subiri. Akisema amemwona marehemu babu yake, waulize wazee kabla hujaandika neno lolote la kutisha. Kukiwa na msiba, rudi siku nyingine, na jina la marehemu usilitaje mpaka wenyewe walitaje. Usipige picha. Usiahidi usichokiweza.

Halafu jua mapema utampeleka wapi. Miji mingine ya jangwani mtaalamu huja kwa ndege, tena kwa nadra. Kama hakuna wa kumpokea leo leo mtoto atakayekwambia anataka kujiua, ahirisha upimaji mpaka apatikane.