Kumtafuta Mchoraji Asiyejulikana kwa Saini Iliyo Kwenye Mchoro wa Mtumba: Hatua kwa Hatua

Mtu anayenunua mchoro wa mtumba wenye saini asiyoifahamu, mara nyingi huanza kwa kuliandika jina lile katika intaneti, na asipopata kitu hukata tamaa siku hiyohiyo. Nimefanya kazi ya kuwatafuta wachoraji waliosahauliwa kwa miaka mingi, na nimeona kwamba kasoro iko katika mpangilio wa kazi. Jina lililosomwa kwa haraka hutawala macho, na tangu hapo mtafiti huona kile tu kinachokubaliana nalo. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na mchoro wenyewe, unausikiliza mpaka umalize kutoa ushahidi wake, ndipo unarudi kwenye saini.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba ni mchoro, kisha upige picha

Chukua kioo cha kukuzia chenye nguvu ya mara 10 na uangalie sehemu kadhaa za uso wa mchoro. Ukiona vidoti vidogo vilivyopangwa kwa utaratibu, umeshika nakala iliyochapwa, hata kama juu yake pamepakwa vanishi. Katika karne ya 19 zilitengenezwa nakala nyingi za rangi zilizobanwa ili zipate mikunjo ya turubai, na siku hizi wachapaji hupaka gundi angavu kwa brashi juu ya nakala ili vidole vidanganyike. Jiulize kama mikwaruzo ya brashi inafuata umbo la vitu vilivyochorwa. Ikiwa inapita juu ya nyumba, mti na anga bila kujali mipaka yake, ilipakwa baadaye.

Baada ya hapo piga picha za mchoro mzima, pembe zake, saini kwa karibu, na upande wa nyuma. Picha moja ya saini ipigwe taa ikiwa imelazwa kando ili mwanga upite juu ya uso na kuibua miinuko ya rangi. Fanya haya yote kabla ya kusafisha chochote. Saini mara nyingi huwekwa mwishoni kwa rangi nyepesi, hivyo pombe, sabuni au hata mate yanaweza kuiondoa kwa dakika moja, na ikiondoka hairudi.

Hatua ya pili: geuza mchoro

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine pote, kwa sababu wauzaji husafisha uso wa mchoro na kuusahau mgongo wake. Anza na vitu vilivyoubeba mchoro. Ubao mgumu wa nyuzi za mbao uitwao Masonite ulibuniwa Marekani mwaka 1924, kwa hiyo mchoro ulio juu yake hauwezi kuwa wa karne ya 19, hata kama tarehe iliyoandikwa inadai hivyo. Rangi za akriliki zinazochanganywa na maji ziliingia sokoni katikati ya miaka ya 1950. Pini za stepla zilienea katika kufunga turubai katikati ya karne ya 20, na kabla ya hapo misumari midogo ndiyo iliyotumika. Lakini angalia kama kuna matundu ya zamani ya misumari kando ya stepla, maana turubai la kale linaweza kuwa lilivuliwa na kufungwa upya.

Pima turubai kwa sentimita. Ufaransa ilikuwa na vipimo maalumu vilivyopewa namba, ambapo namba 10 ya picha za watu ni sentimita 55 kwa 46, ya mandhari ni 55 kwa 38, na ya bahari ni 55 kwa 33. Kipimo kimojawapo kikilingana sawasawa, anza kufikiria duka la vifaa la Ufaransa au la nchi jirani iliyofuata mtindo huo.

Tafuta kisha muhuri wa muuza vifaa mgongoni mwa turubai. Kampuni ya Winsor & Newton, kwa mfano, ilianzishwa London mwaka 1832 na ikawa kampuni yenye dhima yenye kikomo mwaka 1882, hivyo neno moja fupi (Limited, au Ltd) lililoongezwa mwishoni mwa jina lake linaweza kukupa mpaka wa tarehe. Jumba la makumbusho la National Portrait Gallery la London limeweka bure kwenye tovuti yake orodha ya wauza vifaa vya wachoraji wa Uingereza kuanzia mwaka 1650 hadi 1950, pamoja na anwani zao na miaka waliyokaa katika kila anwani. Sijui chombo kingine cha bure kinachosaidia zaidi kwa michoro ya Uingereza.

Lebo za watengeneza fremu nazo husema mengi kupitia anwani. Namba zilizofuata herufi za wilaya za posta za London ziliongezwa mwaka 1917; msimbo wa posta wa tarakimu tano wa Marekani ulianza mwaka 1963; na tarakimu tano za Ujerumani zilichukua mahali pa zile nne za awali mwaka 1993. Kumbuka tu kwamba lebo ya fremu inatoa umri wa fremu, na fremu hubadilishwa. Herufi na namba nyeusi zilizopigwa kwa kibati kilichotobolewa, hasa kwenye mbao za nyuma, huenda zikawa alama za nyumba ya mnada. Christie's imetumia alama za namna hiyo kwa muda mrefu. Zinakili zote, hata zile usizozielewa.

Mwisho wa hatua hii uwe na sentensi mbili zilizoandikwa: mchoro huu hauwezi kuwa wa kabla ya mwaka fulani, na vifaa vyake vinaelekea vilinunuliwa katika nchi fulani.

Hatua ya tatu: soma saini kana kwamba hujawahi kuiona

Kuza picha ya saini kwenye kompyuta, ongeza tofauti ya weusi na weupe, kisha weka karatasi angavu juu yake na ufuatishe kila mstari kwa kalamu bila kujaribu kusoma. Mkono hugundua mahali ambapo brashi iliinuka na mahali ilipoendelea, jambo ambalo jicho hulipita. Halafu andika chini ya kila herufi herufi zote zinazowezekana. T na F, J na I, S na L, H na N, n na u, hizi hubadilishana mara kwa mara. Herufi ndogo r na n zilizokaribiana huonekana kama m. Mimi mwenyewe nilipoteza miezi mitatu kwa mchoro mdogo wa mashua kwa sababu niliamini jina linaanza na T. Mstari wa kati wa F ulikuwepo, umefifia ndani ya kivuli cha maji, na niliuona siku nilipofuatisha saini kwa kalamu.

Fikiria pia kwamba saini huenda si ya alfabeti unayoidhania. Katika maandishi ya Kirusi, P husomwa R, H husomwa N, C husomwa S, na alama inayofanana na R iliyogeuzwa hutamkwa ya. Wahungaria hutanguliza jina la ukoo kabla ya jina la mtu. Neno «pinx.» ni ufupisho wa Kilatini wa «pinxit», yaani «alichora», na watu wengi wamelitafuta kana kwamba ni jina la ukoo. Maneno «d'après» ya Kifaransa na «nach» ya Kijerumani yakitangulia jina yanaonya kwamba mchoro umenakiliwa kutoka kwa mwenye jina hilo, na aliyeshika brashi ni mtu mwingine.

Alama ndogo zisidharauliwe. Jumba la makumbusho la Louvre mjini Paris lina mchoro uliohesabiwa kuwa wa Frans Hals, mchoraji maarufu wa Uholanzi, hadi mwaka 1893, pale mtafiti Cornelis Hofstede de Groot alipotambua kwamba herufi zilizounganishwa pamoja na nyota ndogo ni alama ya Judith Leyster, mchoraji mwanamke wa mji wa Haarlem, Uholanzi, aliyefariki mwaka 1660. Jina lake la ukoo lina maana ya nyota iongozayo, na nyota ile ilikuwa sehemu ya saini yake. Alikuwa ameitia saini kazi yake, na bado kazi hiyo ilipewa mwanamume.

Sasa chunguza kama saini ni ya umri mmoja na mchoro. Chini ya kioo cha kukuzia, tazama nyufa zinazopita kwenye herufi. Ufa ukikata herufi pamoja na rangi iliyo chini yake, saini ilikuwepo kabla ya nyufa. Rangi ya saini ikiwa imetiririka ndani ya ufa, mtu aliiandika baada ya mchoro kuzeeka. Taa ya miale ya urujuanimno inasaidia pia, kwa kuwa vanishi ya kale ya utomvu hung'aa kijanikijani gizani, na saini iliyoongezwa juu yake huonekana kama doa jeusi linaloelea.

Yapo pia majina ambayo hayana mtu. Katika kijiji cha Dafen, mjini Shenzhen nchini China, michoro ya kuuza nje imekuwa ikitengenezwa kwa wingi tangu mwaka 1989, na biashara ya namna hii, huko na kwingineko, hutumia majina ya ukoo ya kubuni. Dalili zake ni jina moja fupi lisilo na herufi ya kwanza ya jina la mtu, stepla mpya, na mandhari ileile inayouzwa mahali pengi ikiwa na saini ileile kwa mikono tofauti. Aliyeuchora ni mtu halisi mwenye ufundi wa kweli, ila saini haitakufikisha kwake.

Hatua ya nne: peleka majina yako kwenye kamusi na hifadhidata

Tumia orodha yako yote ya majina yanayowezekana. Anza na ULAN, orodha ya mtandaoni ya majina ya wasanii ya taasisi ya Getty ya Marekani, ambayo huonyesha tahajia mbalimbali za jina moja, kisha RKDartists, hifadhidata ya taasisi ya historia ya sanaa iliyoko The Hague, Uholanzi. Zote mbili ni bure. Kamusi ya Bénézit, iliyoanza kuchapishwa Ufaransa mwaka 1911, na ile ya Kijerumani ya Thieme na Becker, yenye juzuu 37 zilizotoka kati ya 1907 na 1950, hupatikana katika maktaba kubwa. Kwa walioonyesha kazi zao katika chuo cha sanaa cha Royal Academy cha London kati ya 1769 na 1904, juzuu 8 za Algernon Graves hutaja jina, anwani na kichwa cha kila mchoro. Tovuti ya Art UK inaonyesha michoro inayomilikiwa na umma nchini Uingereza, na taasisi ya makumbusho ya Smithsonian ina orodha ya michoro ya Marekani.

Matokeo ya minada yatumie kwa tahadhari. Maelezo ya wasifu katika minada hunakiliwa kutoka mnada mmoja hadi mwingine, na kosa moja likirudiwa mara kumi huonekana kama ushahidi kumi.

Hatua ya tano: mtafute mtu, si msanii

Wengi wa tunaowatafuta hawamo katika kamusi yoyote. Walifundisha shuleni, walifanya kazi ofisini, walichora Jumapili, wakaonyesha kazi zao katika vyama vya mji wao. Hao hupatikana katika magazeti ya zamani yaliyowekwa kwenye tovuti: Trove kwa Australia, Gallica kwa Ufaransa, Delpher kwa Uholanzi, Chronicling America kwa Marekani. Tafuta jina pamoja na neno la lugha husika lenye maana ya maonyesho, na utafute pia kichwa cha mchoro ikiwa kimeandikwa nyuma. Maktaba za mtandaoni za Internet Archive na HathiTrust zina katalogi nyingi za maonyesho zinazoweza kutafutwa neno kwa neno.

Kisha nenda kwenye sensa. Marekani hufungua sensa zake baada ya miaka 72, na ile ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022. Sensa ya Uingereza na Wales ya 1921 ilifunguliwa Januari mwaka huohuo. Usitegemee safu ya kazi peke yake. Yule mchoraji wangu wa mashua alikuwa mwanamke aliyeandikwa katika sensa kuwa hana kazi, ilhali katalogi za miaka ileile zilionyesha akituma michoro kila msimu. Baada ya kuolewa alibadili jina la ukoo, na kwa macho ya kumbukumbu alikoma kuwepo. Ukikuta mchoraji mwanamke anatoweka ghafla katika katalogi, tafuta rejesta ya ndoa kabla ya rejesta ya vifo.

Hatua ya sita: thibitisha

Kufanana kwa jina hakutoshi. Mimi hudai angalau mashahidi wawili wasiotegemeana: kwa mfano saini inayolingana na saini ya mchoro mwingine uliokwisha kuthibitishwa, na kichwa kilichoandikwa nyuma kinachopatikana katika katalogi ya mwaka unaokubaliana na umri wa vifaa. Linganisha saini za kipindi kimoja, kwa kuwa mkono wa mtu hubadilika. Rudi kwenye zile sentensi mbili za hatua ya pili. Jina lolote linalogongana nazo liache, hata kama limekupendeza. Ushahidi ukiwa mmoja tu, andika «huenda ni kazi ya», na maneno hayo yabaki hivyo mpaka shahidi wa pili apatikane.

Kabla ya kuuza au kutangaza ulichokipata, tafuta mchoro katika programu ya simu ya Interpol, shirika la kimataifa la polisi, iitwayo ID-Art, iliyotolewa mwaka 2021 na inayotumika bure kukagua kazi zilizoripotiwa kuibwa.

Matokeo yako yaandike kwenye karatasi isiyo na asidi: uliyoyaona, mahali ulipoyapata, tarehe, na majina uliyoyakataa pamoja na sababu za kuyakataa. Itie karatasi hiyo kwenye bahasha, kisha uifunge bahasha kwenye mbao za fremu. Usibandike wala kuandika chochote kwenye turubai lenyewe, kwa maana wino na gundi hupenya hadi upande wa rangi.