Namna ya Kutengeneza Tangi la Matumbawe Nyumbani kwa Vifaa vya Kujiundia: Maelezo kwa Mkaaji wa Malindi

Maelekezo mengi ya kufuga viumbe wa baharini nyumbani yameandikwa na watu wanaoishi mbali na bahari na karibu na theluji, ndiyo maana kitu cha kwanza wanachokuagiza ununue ni kipasha maji, na cha pili ni gunia la chumvi. Anayekaa Malindi hahitaji kimoja wala kingine. Maji ya chumvi yako pwani bure na joto tunalo la kugawa; kinachotusumbua sisi ni kuyapoza maji hayo, kuyapata yakiwa safi licha ya tope la mto Sabaki, na kuyafanya yaendelee kupata hewa umeme unapokatika. Vifaa nitakavyoeleza vimepangwa kwa kufuata shida hizo tatu, na karibu vyote hupatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi.

Kabla ya kununua hata kipande cha kioo, lifahamu suala la sheria. Hifadhi ya Bahari ya Malindi ilitangazwa mwaka 1968, na ndani ya mipaka yake hairuhusiwi kuchukua chochote, awe samaki, jiwe au kombe tupu. Nje ya hifadhi pia, kuvua samaki wa mapambo au kung'oa matumbawe hai kunahitaji kibali. Kwa hiyo samaki wako wanunue kwa mvuvi mwenye leseni ya kazi hiyo, na matumbawe yasubiri hadi upate vipande vilivyokuzwa na vyenye karatasi halali. Tangi lenye mawe, mwani, kaa wadogo na samaki wawili linapendeza vya kutosha kwa mwaka wa kwanza.

Tangi lenyewe mpe fundi wa vioo na madirisha ya alumini. Kipimo kizuri cha kuanzia ni urefu wa sentimita 90, upana 45 na kimo 45, kwa kioo cha milimita 10, ambacho hubeba takriban lita 180. Mwambie atoboe tundu la kufurikia kwenye kioo cha nyuma, karibu na ukingo wa juu, kabla ya kuunganisha. Silikoni iwe ile inayonuka siki inapokauka, tena isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu dawa hiyo huua viumbe. Liache likauke wiki nzima, kisha ulijaze maji ya bomba nje uani kwa siku mbili ili uone kama linavuja. Likishajaa maji na mawe litafikia kilo 250 hivi, kwa hiyo meza ya mbao ya sebuleni haifai. Jenga nguzo za matofali, uweke ubao mnene juu yake, na uhakikishe kwa timazi ya maji kwamba umelala sawa.

Katika mawe sisi tuna bahati. Mawe ya matumbawe yanayochimbwa nchi kavu, yale ambayo watu wa Lamu na Malindi wamejengea nyumba kwa karne nyingi, yana vitundu tele, na bakteria wanaosafisha maji hukaa ndani ya vitundu hivyo. Chagua kilo 20 hivi za vipande vilivyo vyepesi kwa ukubwa wake, visivyowahi kuguswa na saruji wala rangi, uvisugue na uviloweke kwenye pipa kwa wiki mbili huku ukibadilisha maji. Kwa mchanga, tia matone ya siki kwenye kijiko kimoja: ukitoa povu, ni mchanga wa makombe na matumbawe, na unafaa. Ukinyamaza tu, ni mchanga ulioletwa na mto. Pitisha na sumaku pia, maana chembe nyeusi zinazonasa kwenye sumaku zitanasa vilevile kwenye pampu yako na kuikwaruza.

Maji teka siku za bamvua, yaani za maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yakiwa yamejaa kabisa, jambo ambalo hapa kwetu hutokea karibu na saa kumi, alfajiri na jioni. Wakati huo maji ya kina kirefu yamesogea ufukweni na uchafu wa bandarini umechanganyika kidogo. Msimu wa kaskazi, tope la Sabaki husukumwa kusini hadi kwenye ghuba ya mji na bahari hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Siku hizo usiteke, au safiri hadi Watamu. Yachuje kwa kitambaa cha kanga kilichofuliwa bila sabuni, kisha yaweke gizani kwa wiki moja katika madumu ya chakula yaliyo safi.

Kipimo cha chumvi hakihitaji chombo cha gharama. Chukua chupa moja ya kioo, uijaze maji ya mvua hadi kwenye mdomo, uipime kwenye mizani ya kidijitali ya jikoni na utoe uzito wa chupa tupu. Kisha fanya hivyo hivyo kwa maji ya tangi yaliyo na joto lile lile. Ikiwa maji ya mvua yana gramu 1000, ya tangi yanapaswa kuwa na gramu 1025 au 1026. Nilijifunza njia hii baada ya kosa. Tangi langu la kwanza lilikuwa likipungua lita nne kila siku, nami nikawa nalijazia maji ya bahari, nikidhani ndiyo haki yake. Baada ya siku kumi na mbili konokono wote walikuwa wamejifungia, na mizani ikanionyesha 1034. Maji yanapopanda hewani huiacha chumvi nyuma, kwa hiyo kinachopungua kila siku hujazwa kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na yaliyo bora ni ya mvua. Ya bomba yaache kwanza wazi siku nzima ili klorini itoke. Ya kisima onja kabla, kwa kuwa visima vingi vya pwani vina chumvi. Usipitishe maji yoyote kwenye shaba, kwani shaba kidogo tu huua kamba na kaa.

Kifaa kinachostahili jasho lako ni mnara wa povu. Hufanya kazi kwenye maji ya chumvi tu, kwa sababu humo mapovu hubaki madogo kama vumbi na mabaki ya chakula na ute hujishika juu yake. Kata bomba la PVC la inchi tatu, lenye urefu wa sentimita 60, ulizibe chini kwa kifuniko chake na gundi. Weka jiwe la hewa, kile kijiwe chenye vitundu kinachotoa mapovu, chini kabisa na uliunganishe na pampu ya hewa. Maji machafu yaingie kupitia tundu lililo karibu na juu, na yatoke kwa bomba jembamba linaloanzia chini, likapanda ubavuni na kuishia kwenye koki. Hivyo maji hushuka huku mapovu yakipanda, na hukutana kwa muda mrefu. Juu funga chupa ya plastiki ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako, mdomo ukitazama juu, na uvishe bakuli la kupokea povu shingoni mwake. Kisha ichezee koki. Ukiifunga mno, maji matupu yatamwagika bakulini. Ukiifungua mno, povu litakufa njiani. Unachotaka ni povu zito la rangi ya kahawia linalopanda polepole na kunuka vibaya, na huenda ukahangaika siku tatu kulipata.

Mnara huo hukaa ndani ya beseni kubwa la plastiki chini ya tangi, ambamo maji huteremka kutoka tundu la kufurikia na kurudishwa na pampu. Acha nafasi beseni lipokee maji yatakayoshuka umeme ukikatika, na utoboe kitundu cha milimita tatu kwenye bomba la kurudishia, kidogo chini ya uso wa maji, ili livute hewa badala ya kulimwaga tangi zima sakafuni. Waya wote uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, tone la maji lisifuate waya hadi kwenye umeme.

Kwa joto, feni mbili za kompyuta za volti 12 zinazopuliza uso wa maji hushusha nyuzi mbili hadi tatu, ingawa wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, husaidia kidogo tu. Lenga nyuzi 25 hadi 27. Matumbawe ya hapa hapa Malindi yalipauka na kufa kwa wingi mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, na tangi dogo hupata joto upesi kuliko bahari. Feni na pampu ya hewa ziunge kwenye betri ya sola, maana samaki huvumilia giza lakini hawavumilii kukosa hewa.

Baada ya hapo subiri. Tupia kipande cha kamba mbichi kioze ndani na kuwalisha wale bakteria wa kwenye mawe, na upime amonia na nitriti, sumu zitokanazo na uozo huo, hadi zote zifike sifuri, kazi ya wiki nne hadi sita. Ndipo uingize konokono, na baada ya wiki mbili samaki mmoja mdogo. Kangaja na tasi wanavutia lakini hukua na kuhitaji nafasi kubwa. Jongoo bahari akifa huweza kumwaga sumu ya kuua wenzake wote, kwa hiyo mwache baharini. Maji badilisha sehemu moja kwa saba kila bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, siku ile ile unayokwenda kuteka mengine.