Kuiomba bima ilipie misuli ya tumbo iliyoachana

Mimi ni mkunga hapa Shela, Malindi, na kina mama wengi huniuliza: misuli ya tumbo imebaki imeachana katikati baada ya uzazi, je, bima italipa upasuaji wa kuiunganisha? Mara nyingi jibu la kwanza ni hapana, kwa kuwa huandikwa ni upasuaji wa urembo. Kwa hiyo kazi yako ni kuthibitisha maradhi.

Anza kwa kupimwa. Mwanya kati ya misuli unaozidi sentimita 2 madaktari wengi huuhesabu kuwa si wa kawaida. Omba kipimo kiandikwe, na picha ya ultrasaundi iambatanishwe. Muulize daktari pia kama kuna ngiri ya kitovu. Hili ni muhimu mno, dada yangu, maana ngiri ni ugonjwa unaojulikana na bima nyingi huukubali kwa urahisi zaidi. Kama ipo, isisahaulike kwenye barua ya daktari kwa bima.

Fanya mazoezi ya tiba kwa miezi kadhaa na utunze kila karatasi. Barua ya daktari isitaje sura ya tumbo. Itaje mgongo unaouma, mkojo unaoponyoka, ndoo ya maji usiyoweza kuinua.

Uwe na SHA, yaani bima ya afya ya serikali, au bima ya kampuni, idhini itafutwe kabla ya kulazwa. Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi. Kama bima yako ni ya kampuni, kata rufaa kwa kampuni hiyo. Isipokusikiliza, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima.